Ukaguzi wa Asubuhi

Watu wenye magari mapya wana huruma ya kuudhi. Wakikuta gari la zamani kwenye taa za barabarani wanaligeukia kama wamemwona mgonjwa mahututi, kisha wanamwangalia dereva kama ndugu wa marehemu. Mimi nawaangalia vivyo hivyo. Wengi wao hawajafungua boneti tangu wakabidhiwe ufunguo, na siku taa nyekundu ikiwaka kwenye deshibodi wataongeza sauti ya redio.

Gari letu lilikuwa la baba. Alipofariki, kaka zangu wawili walichukua suti na saa, mimi nikabaki na mama na gari. Ni gari lililowahi kuwa la kijani, lina milango minne, na kiti cha nyuma kimeshonewa kitambaa cha makochi. Ndilo linalonipeleka kila siku kiwandani, ninakopima maziwa, na ndilo linalompeleka mama kliniki, maana magoti yake hayapandi tena ngazi za basi. Halijawahi kuniaibisha. Wenzangu kazini husema nina bahati. Bahati ni neno la wavivu.

Kila asubuhi, injini ikiwa bado baridi, nafungua boneti. Nachomoa kijiti cha oili, nakifuta, nakirudisha, nakichomoa tena, nasoma. Naangalia maji ya rejeta. Nabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Nasafisha vichwa vya betri na kuvipaka grisi visiote ule unga wa kijani. Nachungulia chini kama kuna tone. Kisha naacha boneti wazi, naenda kuoga, nikirudi nalitupia jicho la pili ndipo nafunga. Jirani yetu ametundika manukato kwenye kioo cha gari lake, mengi utadhani duka, huku rejeta inavuja tangu mvua zilizopita. Nilimwambia la kuvunda halina ubani. Akacheka akidhani namsifia manukato.

Tuna fundi pia, wa pale kona, anaitwa Kesho. Jina hilo nilimpa mimi na mtaa mzima ukalipokea bila ubishi. Nampelekea gari nikiwa nimeshajua linaumwa nini, nasimama naye mpaka amalize, na kifaa kibovu alichotoa nakichukua nyumbani ili nisije nikauziwa tena mwezi ujao. Hanipendi. Mimi sikumwajiri anipende.

Nikimaliza na gari naingia kwa mama. Namfunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, nakijaza upepo, nasoma. Namtoboa kidole kwa ajili ya sukari. Nabonyeza vifundo vya miguu kuona kama vimevimba, nampa vidonge, nasubiri ameze, namwambia afungue mdomo. Mama ananyoosha mkono hata kabla sijaketi. Kwa utaratibu huo hajawahi kulazwa tangu baba aondoke, wakati wajane wenzake wa rika lake wanajulikana wodini kwa majina. Kaka zangu wananiita Mkaguzi, wakidhani ni tusi.

Kaka wa pili tunamwita Injinia kwa sababu hutazama video za ufundi kwenye simu. Gari hana. Alilokuwa nalo alilimaliza kwa mkono wake mwenyewe, akifuata maelekezo. Kaka mkubwa ni Mwenyekiti, kwa kuwa hata akija kula hufungua kikao. Anaishi mji mwingine, mwendo wa tangu asubuhi mpaka mchana, na ana gari linaloongea. Linamwambia afunge mkanda. Linamwambia mlango uko wazi. Linamwambia kila kitu isipokuwa kwamba yeye ni mzembe, na hilo ndilo lingemfaa.

Mara ya mwisho alipokuja alifungua kikao sebuleni, mimi, yeye na Injinia, mama akiwa pembeni anachambua maharage kwenye sinia.

"Mdogo wangu, hatukulaumu," alianza, na mtu akianza hivyo ujue lawama imeshaiva. "Lakini mama si wa kubahatisha. Hilo gari ni la enzi zile. Likikwama njiani na yeye yumo?"

"Halikwami."

"Kila chuma kinachoka," Injinia akasema, bila kuinua macho kwenye simu.

"Kwangu kuna nafasi," Mwenyekiti akaendelea. "Kuna wajukuu. Hospitali iko mtaa wa pili, hata kwa miguu anafika."

Kwake kuna wajukuu, ni kweli, na kuna mke anayelala mpaka jua liwe utosini, na vidonge vya mama vingekuwa vikikumbukwa siku za sikukuu tu. Niliwaza hayo yote, lakini nilichosema kilikuwa kifupi.

"Kaka, siku gari hili litakaposhindwa kuwaka siku ya kliniki, hata mara moja, njoo umchukue. Sitasema neno."

Niliyatamka hayo kwa dharau, kama mtu anayeweka dau kwa jambo lisilowezekana, kwa sababu nililijua gari langu. Lakini nisijifanye jasiri. Sina mume, sina mtoto, na jioni nikitoka kiwandani mtu ninayemrudia ni mama. Akiondoka yeye, ile nyumba ni kuta na mimi. Hicho ndicho nilichokiweka mezani. Mama aliendelea kuchambua maharage. Nikachukulia ukimya wake kuwa ni wa mtu aliye upande wangu.

Siku ya kliniki ilipofika nilifanya ukaguzi wangu kama kawaida. Oili, maji, mkanda, betri, yote sawa. Nikaoga, nikavaa. Niliporudi kwenye gari mama alikuwa ameshaketi ndani, mkoba mapajani, amejifunga vizuri kilemba chake. Siku za kliniki simpimi, wanampima hukohuko. Nikafunga boneti na kuwasha.

Stata ilizunguka kwa nguvu zote, injini haikushika. Nikajaribu tena. Ikawa inazunguka tu, bila hata kikohozi.

"Haliwaki?" mama akauliza.

"Litawaka. Rudi ndani ya nyumba upumzike, mama, usikae kwenye jua."

Nikampigia Kesho. Akasema anakuja sasa hivi, na kwa lugha yake nikaelewa ni jioni. Nikampigia Injinia kwa sababu ndiye aliye karibu, na kwa sababu usiku uliotangulia alikuja kula kwetu na wakati wa kuondoka nilimkuta amesimama karibu na gari, eti analisikiliza. Gari lililozimwa analisikiliza nini?

Alifika na simu yake mkononi. "Hiyo ni pampu ya mafuta," alisema kabla hajafika kwenye gari.

Nikalegeza bomba la mafuta, nikamwambia ashike ufunguo apige stata. Petroli ikaruka. "Basi plagi," akasema. Nikachomoa plagi moja. Ilikuwa safi kama kijiko. Nikaiegemeza kwenye chuma cha injini, akapiga stata tena. Hakukuwa na cheche.

"Mtetemo," akasema Injinia, akisoma. "Magari ya zamani mtetemo unalegeza vitu."

Moto wa plagi unatoka kwenye kile kikombe kinachougawa, nacho kimebanwa kwa klipu mbili. Nikazifyatua, nikakifungua. Ndani kulipaswa kuwa na kidude cha plastiki chenye ulimi wa shaba, kinachozunguka na kuugawa moto. Mafundi wanakiita rota. Hakikuwepo. Hakikuwa kimevunjika wala kulegea. Hakikuwepo kabisa, na kikombe kilikuwa kimefungwa vizuri juu ya utupu.

Mtu wa nje asingeelewa. Mimi nilielewa papo hapo, maana nimekulia nyumba hiyo. Enzi za baba wezi wa magari walikuwa wengi, na yeye kila jioni alikuwa akichomoa rota kabla ya kuingia ndani. Bila rota mwizi anaweza kupiga stata mpaka betri ife. Sisi watoto tuliokua pale wote tulikuwa tukimwona akiifanya kazi hiyo.

"Ulichukua jana," nikamwambia Injinia. "Mmepanga na Mwenyekiti."

"Nimechukua nini?"

"Usinichezee akili. Video zako hazikufundishi kuwasha, zimekufundisha kuzima."

"Dada, mimi hata sijui hicho kitu kinakaa wapi," akasema. Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa anasema jambo la kuaminika kuhusu injini.

Nikamwacha nje. Saa ya daktari ilikuwa imepita, na nilijua presha ya mama itakuwa imepanda kwa mahangaiko yale. Nikachukua kipimo, nikaingia chumbani kwake. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Akanyoosha mkono.

Nikaanza kumfunga kile kitambaa. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi kwa grisi, na kwenye mkono wa blauzi kulikuwa na alama ileile, kama mtu aliyeegemea betri. Grisi niliyoipaka mimi mwenyewe asubuhi ile.

Sikumaliza kufunga. Mama akatazama vidole vyake, kisha akafungua fundo lililokuwa kwenye ncha ya kilemba, akatoa rota, akaiweka kitandani kati yetu. Kila jioni baba alikuwa akimpa aitunze, siku nyingine akimtuma akaichomoe mwenyewe, na mama alikuwa akiifunga hivyohivyo kwenye kilemba.

"Mkono haujasahau," akasema.

"Mama, kwa nini?"

"Si ulisema likishindwa kuwaka niende?"

"Nilisema ili usiende."

"Najua."

Nilitaka kucheka kwa kejeli, ndiyo silaha yangu, lakini kicheko hakikutoka. Nikamwambia yale niliyokuwa nayo tayari: kwamba huko watasahau vidonge, kwamba shemeji yangu hajui hata kusoma kipimo, kwamba watamlisha chumvi mpaka avimbe.

"Watasahau," mama akasema. "Na mimi nina kichwa, nitajikumbusha. Umenitunza, mwanangu, sina la kulalamika, nikilalamika nitakuwa mtovu wa shukrani. Lakini kila asubuhi unanifungua, unanisoma, unanifunga, unaondoka. Jioni unaniuliza nimekunywa maji kiasi gani. Mara ya mwisho umekaa na mimi bila kunipima ni lini?"

Nilitafuta. Nilitafuta kwa bidii, kama ninavyotafuta tone la oili chini ya gari, na sikupata.

"Ungeniambia tu," nikasema.

"Ningekwambiaje? Wewe ukinuna nyumba nzima inanuna. Nikaona afadhali kosa liwe la gari."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Mwanamke mwenye magoti mabovu alitoka hadi uani nikiwa naoga, akainama kwenye boneti, akafyatua klipu na kuzirudisha, kwa kuwa hilo lilikuwa rahisi kwake kuliko kuongea na mimi. Nililia pale pale, mkono wake ukiwa bado kwenye kipimo. Alinishika kichwa kwa vile vidole vya grisi na sikumwambia anawe.

Niliporudi nje Injinia alikuwa bado anasoma. Nikapachika rota mahali pake, nikabana klipu, nikawasha. Injini ikashika mara moja.

"Ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa imechomoka."

"Si nilikwambia mtetemo?" Akajipiga kifua, akaniambia niwe nasikiliza watu. Nikamwambia sawa. Mpaka leo anasimulia alivyolitengeneza gari la baba, na mimi nipo, nimenyamaza. Kumwomba radhi sijamwomba. Nimempa ushindi, inatosha.

Mwenyekiti alitaka kuja kumchukua mama kwa gari lake linaloongea. Mama akakataa. Akasema atapelekwa na mimi, kwa gari la mume wake. Nilifanya ukaguzi asubuhi ya safari, nikatia maji, nikapima upepo wa tairi mpaka la akiba. Mazoea hayana akili. Mabegi yake tuliyapanga kiti cha nyuma, yeye akakaa mbele.

Njia nzima aliongea. Alinieleza alivyokutana na baba, mambo ambayo sijawahi kuyasikia, na majina ya watu waliokufa kabla sijazaliwa, na jinsi alivyochukia kile kitambaa cha makochi tangu siku ya kwanza. Nilicheka hadi nikapunguza mwendo. Na kila nilipocheka niliomba gari lizime. Naapa niliomba. Tulipoanza kupanda ule mlima mrefu, mahali ambapo magari ya maana huwa yamepaki pembeni yakitoa mvuke, niliangalia mshale wa joto nikiusihi upande. Kama lingechemsha tungekaa chini ya kivuli mpaka lipoe, mimi na yeye, bila cha kufanya isipokuwa kuongea. Mshale haukusogea.

Tulifika mapema kuliko tulivyotarajiwa. Wajukuu wakatoka mbio wakaanza kugombania mabegi, mama akashuka akicheka, akaingia nao ndani bila kugeuka nyuma. Mwenyekiti akazunguka gari mikono mgongoni, akapiga boneti makofi mawili.

"Kumbe," akasema. "Halijasumbua popote?"

"Hata mara moja."

"Mlima ule wote?"

"Wote, kaka," nikasema. "Nimelitunza vizuri."