Paa Aliloliezua Zikri

Siku hiyo mjinga alikuwa Zikri, na alikiri mwenyewe, maana mtu aliyeezua paa la nyumba yake kwa mikono yake hawezi kuusingizia upepo. Nabii Mikneya alikuwa amewatangazia mateka wa Yuda huko Babeli kwamba kabla ya mvua watakuwa wamesharudi Yerusalemu. Zikri akashusha boriti zote, akazitumia kuchonga gari la kukokotwa na punda.

"Baba Asa, ngoja kwanza," mkewe Yerusha alimsihi. "Nabii asikilizwe, lakini na mikono yake itazamwe inafanya nini."

"Mwanamke, usishindane na Bwana!"

Mvua ikaja, safari haikuja. Siku ya tatu, ilipopumua kidogo, Zikri aliwaacha watoto wakitetemeka chini ya gari, akaenda kwa nabii amefura kwa hasira, Yerusha nyuma yake. Wakamkuta Mikneya juu ya paa lake, anatandika mikeka mipya na kuikandika udongo. Uani kulikuwa na miche ya mitende aliyoipanda juzi tu, nayo mitende haizai mpaka miaka ipite.

"Baba nabii!" Zikri alifoka. "Huku ndiko kufunga mizigo?"

Mikneya hakuona haya. "Mwanangu, siku zimesogezwa mbele kidogo. Shida yako wewe ni imani haba."

"Imani anayo, baba," Yerusha akadakia. "Ndiyo tuliyoezekea nyumba, na inavuja. Sasa tushushie hiyo mikeka, wewe ujifunike unabii wako."