Shamba Lililokwisha Kuzaa

Caixia aliinama chini ya neti nyeusi ya kivuli, akashika shina lililolegea la sanqi, mmea wa mizizi ya dawa, akalivuta. Mzizi ulitoka bila kushindana, laini, ukinuka kama yai viza. Akavuta wa pili. Uvundo ule ule. Tangu mvua zianze, tuta zima lilikuwa limelaza majani.

Alichimba atafute maji yanakotuama, jembe likagonga kitu. Akakifukua kwa vidole: kisiki cha nguzo iliyooza, kingali na waya wa kufungia neti. Haikuwa nguzo yake. Huko Wenshan, kusini mwa China, hata mtoto anajua kwamba ardhi iliyozaa sanqi haiikubali tena mpaka ipite miaka kumi na zaidi.

Yeye alikuwa na ardhi mbichi, mteremko mwekundu kule mlimani. Tingfu, kaka wa mumewe na mwenyekiti wa kijiji, ndiye aliyembembeleza wabadilishane. Huku ni karibu na nyumbani, alimwambia, mgonjwa wako hutamwacha mbali, na halijawahi kupandwa kitu ila mahindi. Caixia, aliyekuwa ametumikia viwanda vya mbali vya Guangdong ujana wake wote na hakujua shamba hilo lilipandwa nini, alimshukuru.

Alimkuta Tingfu nyumbani kwake, mezani.

"Kaa ule, shemeji."

Caixia akaweka kisiki kando ya bakuli la wali. "Ulisema mahindi."

"Si yalipandwa? Baada ya sanqi." Tingfu aliendelea kutafuna. "Halafu ulinyoosha mkono kukubali kwenye mkutano wa kijiji, watu wote wakiona. Au nilikushika mkono?"

"Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, shemeji. Mizizi yote imeoza!"

"Mbona unanifokea mimi peke yangu? Hizo nguzo aling'oa mumeo, kabla hajaenda kuchimba mahandaki. Kamuulize."

Tingshan, mumewe, alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, kwa sababu akilala chali vumbi la mahandaki lililomjaa mapafuni humkaba. Alipoona tope kwenye mikono ya mkewe, akageuza uso.

"Ulijua?"

"Kaka aliahidi kunipeleka hospitali ya mkoa."

"Alikupeleka?"

Tingshan akaanza kukunja pindo la blanketi.

"Nimepanda mbele ya macho yako, Tingshan. Umenitazama nikisimika neti, nikichekea miche kama mwendawazimu. Na wewe kimya!"

"Nilidhani udongo umeshasahau," alisema, kikohozi kikamkata. Kitambaa alichojizibia mdomo kilitoka na damu. Caixia alikichukua akakifua. Alimchukia, na alikifua.

Mwaka uliofuata Tingfu alivuna mlimani. Alihitaji vibarua, na Caixia hakuwa na shamba la kumzuia. Alichimba mteremko mwekundu uliokuwa wake, akitoa mizizi minene, mizito, yenye vinundu, mmoja baada ya mwingine.

"Polepole jamani, msivikate vijizizi," Tingfu aliita, akipita kati ya matuta na viatu vyake safi. Akasimama kwa Caixia. Akaokota vijizizi vilivyokatika, vile ambavyo wanunuzi hawavitaki, akamjaza kiganjani.

"Mpikie mdogo wangu hivi pamoja na kuku. Vinazuia damu."

Vibarua wote waliacha kuchimba, wakatazama.

"Asante, shemeji," Caixia alisema, akavifunga kwenye pindo la shati lake.