Redio Iliyopona Nusu

Mwaka 1979, Silvester, fundi wa redio wa mtaa wa Iyunga, aliitoa redio kuukuu ya Mama Apolonia matumbo yote ya taa za kioo zinazomaliza betri, akaiwekea ya transista, yanayotosheka na betri mbili zilizoanikwa juani.

"Sasa inakula kama bibi harusi, mama. Kidogo kidogo."

Mama hakucheka. Alitaka kusikia salamu za askari walioko vitani Uganda, ajue kama Timotheo wake yu hai. Miezi mitatu hajaleta barua.

Silvester alizungusha kitufe mpaka jasho likamtoka. Ilikamata Zambia tu.

"Imepona, mama, ila inaongea Kibemba."

"Iache," alisema Mama Apolonia, akivuta kigoda. "Jina la mwanangu nitalitambua kwa lugha yoyote."

Silvester alijua Zambia haimjui Timotheo. Akamwongezea sauti.