Fundi Anayetambulika

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema watu. Dukani kwetu Darajani tulikwenda kinyume: tulijenga ukuta ili ufa usionekane, na matofali yake yalikuwa barua zangu.

Nilikuwa karani wa Bwana Azzan, muuzaji wa spea za injini za mashindano. Aliniajiri kwa stashahada yangu ya Kiswahili. "Bashira akikukatalia," alipenda kuwaambia wateja, "unatoka hapa unamshukuru." Kila nikiyasikia maneno hayo nilijiona nimevikwa koja la asumini.

Wateja wawili waliorudisha kifaa cha aina moja kilichovunjika nilikuwa nimeshawakatalia; barua ya tatu ndiyo iliyoniumbua. Ilihusu ile fimbo fupi ya chuma inayoibeba pistoni, ambayo pale dukani tuliiita mkono. Mkono huo ulikatika ndani ya gari la Ubwa, kijana wa miaka ishirini na miwili, katika mashindano ya njia ya vumbi huko Bambi. Kipande kiliitoboa injini, mafuta yakamwagika chini ya magurudumu, gari likabingirika. Hospitali walimkata Ubwa mguu wa kulia, chini ya goti. Injini ile ilifungwa na mjomba wake, Fundi Shaame, mwenye karakana mtaani Amani.

Niliandika: "Kwa masikitiko makubwa, tumebaini kwamba hitilafu imetokana na mkono uliofunga, wala si mkono uliofungwa." Nilijipongeza kwa sentensi hiyo. Niliirudia kwa sauti, mara mbili.

Hakuna aliyekuwa amebaini chochote. Mimi hicho chuma sikukiona hata kwa mbali. Barua ikasomwa Michenzani, nyumbani kwa Bi Shemsa, mama yake Ubwa na dada yake Shaame, tumbo moja. Tangu siku hiyo Bi Shemsa hakumfungulia kaka yake mlango.

Wiki mbili baadaye Shaame alikuja dukani na kadi ya dhamana. Hakupiga kelele. Aliweka kidole juu ya mstari mmoja, akausoma taratibu kama asomaye wasia: "Kifaa kikivunjika baada ya kufungwa na fundi anayetambulika, muuzaji atakipeleka kiwandani kikapimwe."

Akaikunja kadi. "Mie nnatambulika. Waulize Amani nzima. Kipelekeni."

Alipotoka, Bwana Azzan aliibwaga mezani kwangu kadi ya asili, ya Kiingereza, ile niliyoifasiri.

"Bashira!"

"Naam."

"Hapa pameandikwa fundi aliyeidhinishwa na kiwanda. Unguja nzima hayupo hata mmoja. Weye umeandika anayetambulika. Anatambulika na nani? Na paka wa Darajani?"

"Na watu, bwana."

"Watu!" Alicheka bila furaha. "Utaandika kwamba umekosea tafsiri, na uombe radhi. Ijumaa baada ya sala nitawaita Shaame na dada yake. Utaisoma mwenyewe, kwa sauti yako hiyo nzuri."

Na kweli nilikuwa nimekosea. Siku niliyoifasiri kadi ile, neno "aliyeidhinishwa" lilinikwaruza ulimi, nikachagua lililo laini. Sikuwa nikimtetea mtu. Nilikuwa nikitafuta urari wa sentensi. Basi nilikaa kuiandika hiyo radhi, na mstari wa kwanza ukaja wenyewe, mtamu kama kawaida yangu. Utamu wake ndio uliouzuia mkono wangu. Nilikuwa nimeandika barua tatu kuhusu vyuma ambavyo sijawahi kuvishika.

Asubuhi yake nilikwenda Amani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja na barua nyingine?"

"Sina barua."

"Basi kaa. Kigoda kina grisi, lakini grisi huosheka."

Akafungua kitambaa, akanipa vipande viwili vizito. Pale palipokatika, sehemu kubwa iling'aa kama chumvi mpya. Pembeni palikuwa na doa jeusi, limefifia, upana wa ukucha wa kidole gumba.

"Hapa panapong'aa pamevunjika siku ile ile," alisema. "Hapa peusi pamepasuka zamani, ndani kwa ndani, kabla chuma hakijanifikia. Mkazo wa spana hauleti rangi hii."

"Bi Shemsa hukumwonesha?"

"Nilimwonesha, dirishani. Kaniambia, mie chuma sikijui, ninachojua ni kusoma."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu maneno yalinikimbia, na nikaona yana haki.

"Ubwa huniuliza kila siku," Shaame aliendelea, akivifunga tena vile vipande. "Mjomba, ulikaza? Nnamwambia nilikaza. Halafu nnarudi hapa, nnajiuliza mwenyewe."

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hakunisamehe. Alinipa kile kitambaa na vilivyomo, akasema, "Nenda navyo. Nnakuamini kwa kuwa sina mwengine."

Dukani nilifungua sanduku la vifaa vilivyorudishwa. Ile mikono miwili ya barua za mwanzo ilikuwamo, imetupwa pamoja na nakala za barua zangu. Yote miwili ilikuwa na doa jeusi.

Ijumaa walikaa, Shaame huku, Bi Shemsa kule, bila kutazamana. Bwana Azzan alinikonyeza nianze. Niliiweka mezani mikono yote mitatu, wa Ubwa kando na ile miwili ya sandukuni, doa juu, nikaisoma kadi ya Kiswahili mpaka mwisho.

"Sikukwambia usome hiyo," alisema Azzan.

"Hii ndiyo aliyotia saini mnunuzi. Na wewe umetia. Fundi Shaame anatambulika. Vyuma hivi viende kiwandani, vyote vitatu."

Bi Shemsa alikiokota kipande kimoja kati ya vile vya sandukuni. Alipitisha kidole juu ya doa, polepole, kama anayefuata mstari wa maandishi.

"Hiki si cha mwanangu," alisema. "Cha nani?"

Shaame alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe.

Bwana Azzan akanisogelea, sauti yake sasa ya mzazi. "Mwanangu, nimekulea hapa miaka minne. Neno moja tu hilo. Sema umekosea, omba radhi, tuyamalize, na Jumamosi urudi kazini kwako."

"Nimekosea, bwana, na niliyemkosea nshamwomba. Kwako siombi."

"Bashira."

"Siombi."