Nywele za Agneta

Asubuhi moja ya mwaka 2008, katika maabara ya chuo fulani Bungoma, Agneta Wakhungu alitumbukiza karatasi ya plastiki kwenye sufuria ya maji yenye chumvi ya zinki, akaifunika, akapunguza moto, kisha akaketi kufuma sweta. Kufikia adhuhuri karatasi ilikuwa imeota nywele nyembamba mno, nyeupe kama ukungu, zote zimesimama wima. Alipoiunganisha na mita ya umeme na kuimulika, mshale ulipanda. Alipoikunja, mshale ulibaki palepale.

Hiram Gathii, mwalimu wa fizikia wa shule moja ya Kitale aliyekuja hapo kufanya jaribio lilelile, alitazama na roho ikamuuma. Mwenye digrii ni yeye; Agneta alikuwa fundi wa maabara tu. Lakini nywele alizootesha Hiram zililala kila mara. Alikuwa mwana wa mkulima wa mahindi, na kila zikifika nusu mkono ulimwasha: alifunua sufuria akaongeza chumvi, kama mbolea ya mahindi yaliyofika magotini.

"Mwalimu, hii si mahindi bana," Agneta alimwambia. "Ukishapanda, wacha kufunuafunua."

Hiram alicheka. Moyoni alitamani sufuria ya mama huyo imwagike.

Ijumaa wageni kutoka Nairobi wangefika Kitale, shuleni kwa Hiram, kuchagua mtu mmoja wa kuongoza mradi wa karatasi hizo za umeme wa jua. Alhamisi, Agneta alipoenda kunywa chai, Hiram alichukua karatasi yake bora, akabandua lebo yenye jina la Agneta, akaitia kwenye mfuko wa shati na kwenda zake nyumbani.

Kulipokucha karatasi ilikuwa tupu. Nywele zilikuwa zimehamia kifuani mwake, zimesimama wima.

"Leo usivae sweta," mkewe Nduta alisema, akimmiminia chai. "Zitalala."

Wageni walimvua shati wakambandika nyaya mbili. Walifungua pazia, mshale ukapanda. Walimwinamisha hadi akagusa vidole vya miguu, wakamwinua, mara hamsini. Mshale haukutetereka.

"Anapinda vizuri," mmoja alisema, akaandika jina la Hiram.

Walikuwa wamefunga pazia ili wapime gizani, Agneta alipotokea mlangoni.

"Nimekuja kuchukua karatasi yangu," alisema.

Nywele zote zikamgeukia. Mshale ulipanda hadi mwisho, ukagonga.

"Huyo mama anatuvurugia kipimo," mgeni alisema bila kuinua kichwa. "Asimame nje."

Agneta alikitazama kifua cha Hiram kwa muda, kama mtu aliyemwona ng'ombe wake kwenye boma la jirani.

"Zimeota vizuri," alisema. "Sasa mwalimu, usiziongezee kitu."

Akatoka. Mshale ukashuka. Wageni walimpa Hiram mkono wa pongezi na barua ya mradi, naye akafunga vifungo. Chini ya shati nywele zilibaki zimeinamia upande wa mlango. Wivu wake ulikuwa mkali kuliko jana, maana hata kifuani mwake mwenyewe hapakuwa na unywele mmoja uliomtaka yeye.