Saa Kumi ya Kikwe

Dokta Ludovick hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa namba tu, na namba za mvua za kijiji cha Kikwe zilimkera.

"Zitoe," alimwambia Magreth siku ya Jumatano. "Setilaiti inaonyesha mvua ya jioni, huyu mzee anaonyesha ya asubuhi. Zitawachanganya wanafunzi."

Magreth, msaidizi wake wa somo la hali ya hewa katika chuo kimoja karibu na Usa River, aliitikia "sawa" ya mdomoni. Namba zile zilikuwa za baba yake mzazi.

Mzee Sumari alikuwa amepima mvua nyuma ya zizi lake kwa miaka ishirini na sita, kwa kipimo alichoachiwa na bwana shamba aliyestaafu zamani. Kila mvua aliiandika: imeanza saa ngapi, imeleta milimita ngapi. Macho yalipoanza kumfanyia ukungu, alimkabidhi binti yake madaftari yote saba. "Angalia kama kuna kitu humo," alisema. "Kama hakuna, uniambie ukweli, nipumzike."

Magreth alichapa likizo nzima, hadi vidole vikafa ganzi. Kompyuta za chuo zilikuwa kuukuu, lakini hilo halikuwa tatizo, maana hesabu zote zilifanyika mbali, kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu wengine zenye nguvu. Mwanafunzi alifungua ukurasa hata kwa simu, akabadili namba moja, akabonyeza, na mchoro ukajichora upya akiuona. Ukurasa huo nao waliuita daftari. Magreth alipomweleza baba yake kwamba daftari lake sasa liko kwenye wingu, mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mmelipandisha huko? Lisije likalowa."

Na kwa furaha ya siku ile alikuwa amemwalika aje Ijumaa alione. Sasa Ijumaa imefika, namba hajazitoa, na ukweli hajamwambia baba.

Mzee aliingia darasani na koti lake la kanisani. Wanafunzi wakasimama, "Shikamoo babu!" naye akawaitikia mmoja mmoja, bila haraka. Kwenye ukuta projekta ilionyesha mistari miwili ya saa za mvua: wa bluu wa setilaiti, uliopanda juu kabisa kwenye 16, na mwekundu wa Kikwe, uliopanda kwenye 10. Magreth alitamani umeme ukatike.

"Mzee, kazi yako ni kubwa sana," Dokta Ludovick alisema kwa adabu. "Ila kwenye muda kuna kasoro. Mvua yako, huu mwekundu, inaanza kumi."

Mzee Sumari aliinuka, akausogelea ukuta mpaka pua ikakaribia kuugusa.

"Kumi," alisema. "Ndiyo. Hapo mmeandika sawasawa. Masika ya Kikwe ni saa kumi. Marehemu mke wangu alikuwa anaanua nguo saa tisa na nusu, hata kama jua linawaka. Huyu wa bluu ndiye simwelewi. Kumi na sita ni saa ya wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Magreth hakucheka. Masikio yalimwaka moto. Madaftari ya baba yalikuwa na safu mbili, mchana na usiku, na chini ya mchana mzee ameandika 10. Yeye, akiwa mbele ya kompyuta inayohesabu saa kuanzia usiku wa manane, akaichapa kumi hiyo kama saa nne asubuhi. Yeye aliyezaliwa Kikwe! Yeye aliyetumwa kila siku saa kumi akaingize mbuzi! Aibu ilimjaa, na nyuma ya aibu furaha ikaja mbio.

"Si yeye, Dokta," alisema. "Ni mimi."

Aliongeza mstari mmoja kwenye daftari: saa za mchana, jumlisha sita, za usiku, kumi na nane, na zikipita ishirini na nne, toa ishirini na nne. Akabonyeza. Mstari mwekundu ukahama, ukaenda kulala juu ya ule wa bluu, karibu miaka yote ishirini na sita.

Dokta Ludovick alivua miwani. "Mzee, naomba radhi. Muhula ujao tunaanza na hizi zako."

Mzee alimgeukia binti yake. "Umefuta kumi yangu?"

"Sijafuta, baba. Ipo vilevile ulivyoiandika. Kujumlisha nimeiachia kompyuta."

"Kwa hiyo kuna kitu humo."

"Kuna kitu, baba." "Kuna kitu kikubwa sana."

Mzee alijifuta macho kwa kiganja, akisingizia ule ukungu wake. Kisha akafunga vifungo vya koti.

"Basi sipumziki. Nirudishe nyumbani, kipimo kiko peke yake. Niwahi kabla ya kumi."

"Kumi ipi, baba?"

"Magreth," alisema, "umeanza tena?"