Alivyozihurumia Breki

Mtaani walimwita Bwana Taratibu, na wala hakuona tusi. Nani aliyekuwa akilipangusa gari lake kila asubuhi kwa kitambaa laini huku akilisemesha? Yeye. Nani aliyepitwa na baiskeli barabarani na bado asiongeze mwendo? Yeye huyo huyo. "Magari hayafi," alikuwa akisema, kidole juu, "magari yanauawa." Walimcheka, naye akawacheka wao, maana yao yalikuwa yanalala gereji na lake linatembea.

Lilikuwa gari dogo la rangi ya fedha, na gia boksi yake haikuwa na gia za kuruka kutoka moja kwenda nyingine. Ndani mlikuwa na mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, puli zikipanuka na kubana, basi gari linakwenda laini bila kushtuka. Kwa sababu ya ulaini huo ndiyo alilinunua. Mke wake figo zilikuwa zimemkataa. Mara mbili kwa wiki ilikuwa lazima afike hospitali, alale ubavuni mwa mashine ya kusafisha damu. Akikosa mara moja tu miguu inavimba, pumzi inakata, anakaa kitini hadi asubuhi akiogopa kulala. Mabasi yalimrusharusha mpaka akatapika mapajani mwa watu. Teksi walizijaribu, akiba ikateketea. Kwa hiyo tusizungushe maneno: gari lile ndilo lililokuwa likimweka hai.

Sasa hiyo hospitali, sijui ni akili ya nani, wameijenga juu ya mlima, na geti wameliweka pale mlima unapokaza. Mlinzi anakagua gari moja moja, tena kwa raha zake, na foleni inasogea kidogo, inasimama, inasogea kidogo. Hapo ndipo Bwana Taratibu alipojimaliza. Wenzake walikanyaga breki wakangoja. Yeye hakukanyaga. Aliligusa pedeli la mafuta kidogo tu, gari likabaki linaning'inia pale pale mlimani, halipandi wala halirudi. Ujanani aliendesha malori ya kiwanda, na msimamizi wao alikuwa mkali wa breki: ole wako uzimalize kabla ya wakati. Ule woga haukumtoka. Breki alizihurumia miaka yote, na pedi zake zilikuwa bado nene, akawa anawaonyesha watu.

Basi gari likaanza kulia. Kwanza sauti nyembamba mlimani, kisha siku moja injini ikapiga kelele kweli kweli na gari lisiende popote. Alilifikisha gereji likisukumwa na vijana.

Fundi wa gia boksi alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, mikono myeusi hadi viwikoni. Alitoa oili kwenye chombo cheupe, akakisogeza juani. Oili ilikuwa nyeusi tii, na ndani yake vumbi la chuma lilikuwa linameta.

"Mzee wangu, unaliona hili?"

"Naliona. Uchafu."

"Si uchafu, ni mkanda na puli, vimesagana. Oili imeungua mpaka imekuwa maji." Akajifuta mikono. "Unalipandisha wapi hili gari?"

Akamweleza. Akamweleza na foleni, na geti, na malori ya ujanani, na jinsi anavyolishikilia kwa mafuta ili breki zisiishe. Alieleza kwa fahari, masikini, akingoja sifa. Fundi alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema tu, mwanangu."

"Breki pedi ni kitu cha kubadilisha nikiwa nakunywa chai, mzee. Ukilishikilia mlimani kwa mafuta, gia boksi inachemka. Lori lako lilikuwa na roho ya punda. Hii haina."

Bwana Taratibu alitafuta pa kukaa, akaliona tairi kuukuu, akalikalia.

"Tia oili mpya."

"Nitatia. Haitarudisha chuma kilichosagika."

"Basi nifungie gia boksi nyingine, ya mtumba."

"Zipo pale nyuma, zimejaa. Unajua zimetoka wapi? Kwenye magari yaliyokuja hapa na ugonjwa huu huu. Nikufungie, ife mwezi ujao, unitukane? Na mpya, mzee, hata ukiuza gari hupati." Alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko tusi. "Klachi ya kwenda mbele ndiyo imekwisha. Rivasi ina klachi yake, hukuitumia sana, inashikashika bado. Lakini mkanda ni ule ule. Usiitegemee."

Aliitegemea. Angefanya nini?

Siku ya mashine ilipofika, mkewe alikuwa ameshavimba uso. Kwenye tambarare gari, kwa ile oili mpya, lilijikokota. Chini ya mlima likagoma, injini inapiga kelele, magurudumu yametulia. Bwana Taratibu akaligeuza polepole, mgongo ukaelekea hospitali, akaweka rivasi. Likapanda! Likapanda kinyumenyume, yeye shingo ameipinda kutazama nyuma, mkewe ametazama chini walikotoka. Watu wakasimama kando ya barabara.

"Baba watoto," mkewe akasema, "uzee huu, tunapanda kinyumenyume?"

"Mradi tunapanda."

"Wanatucheka."

"Wacheke mpaka wachoke."

Na yeye mwenyewe akacheka, jamani, kicheko kidogo kilichomalizikia kwenye kikohozi. Kwa kitambo wakawa wale wa zamani. Kisha sauti ile nyembamba ikaanza tena, sasa kwenye rivasi. Alikaza mikono kwenye usukani. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mlinzi aliinua kizuizi bila kukagua, labda kwa huruma, labda kwa kustaajabu, nao wakaingia uani gari likitoa harufu ya kuungua.

Mkewe akalazwa kitandani, sindano zikaingia mkononi, mashine ikazunguka. Muda wote Bwana Taratibu alikaa kando yake, miguu yake mizima isiyovimba ikimtia aibu. Alijiona muuaji. Alitaka kumwambia habari ya breki, ya foleni, ya vumbi la chuma, akakosa pa kuanzia.

Walipomaliza, nesi alikuja na kalamu. Nafasi za mashine zilikuwa chache na nje kulikuwa na watu wanangoja mtu mmoja apungue.

"Ijumaa tuwaweke saa ile ile?"

"Ile ile," Bwana Taratibu akajibu haraka.

Mkewe alimtazama. Haikuwa hasira. Angekuwa na hasira, mzee wa watu angepumua.

"Hapana, mwanangu," alimwambia nesi. "Hiyo nafasi mpe mwingine. Mpe anayeweza kufika."

"Usimsikilize! Nitakubeba!" Bwana Taratibu alisema. "Wallahi nitakubeba mgongoni!"

"Mlima ule?" mkewe akauliza, akamshika mkono.

Nesi alisimama na kalamu yake, hajui amsikilize nani. Na mtu mzima yule, na mvi zake zote, aliinama juu ya kitanda akalia kwa sauti, wagonjwa wengine wakageuza nyuso ukutani.